Sura ya 6: Kinachoachwa Nje ya Hesabu

Kwa miaka mingi ilitosha kusema kwamba Kibera ina watu milioni moja. Idadi hiyo iliandikwa kwenye ripoti, ikasomwa redioni, ikarudiwa na wageni mashuhuri waliopitishwa kando ya reli, na aghalabu hakuna aliyeuliza nani alizihesabu roho hizo. Kisha, mnamo 2008 na 2009, vijana wa mtaa waliofanya kazi na mwanasosholojia Mwitaliano, Stefano Marras, wakapita Kianda mlango kwa mlango. Kianda ni kijiji kimoja tu kati ya vijiji zaidi ya kumi vya Kibera, upande wa magharibi, jirani na Olympic na Ayany. Walipata watu zaidi ya 15,000. Kutokana na hesabu hiyo wakakadiria kwamba Kibera yote ina watu kati ya 235,000 na 270,000. Sensa ya taifa ya 2009 ilitoa idadi ndogo zaidi: 170,070.

Kuihesabu Kianda ilikuwa kazi ya miguu. Kuipata Kibera yote kutokana na Kianda ilikuwa kazi ya modeli. Ilibidi kudhani kwamba vyumba vya kijiji cha Silanga vimebanana kama vya Kianda, kwamba Laini Saba haina watu wengi zaidi kwa kila ekari, kwamba hata Makina, penye nyumba za Wanubi zenye nyua, inaweza kupimwa kwa kipimo hichohicho. Kila dhana ya namna hiyo hufuta kitu fulani ili hesabu iwezekane. Na ukizilinganisha idadi mbili za mwisho utaona pengo la watu karibu 65,000 au zaidi, ambao wapo au hawapo kutegemea ulichofuta.

Sura hii ni ya watu ambao kufuta ndiyo kazi yao: wanafizikia wa nadharia. Kufuta huko kumewafikisha mbali na maabara zao, hadi kwenye maswali ya kwa nini mwili huzeeka na spishi mpya hutokeaje. Mimi ninawaheshimu kwa hilo kuliko wanabiolojia wengi wanavyowaheshimu. Lakini nimeishi Nairobi muda wa kutosha kujua kwamba kile kilichofutwa hurudi, na mara nyingi hurudi na mizigo.

Ruhusa ya kufuta ilitoka pahala pasipotarajiwa. Mwaka 1925 Ernst Ising alichapisha modeli ya sumaku ambamo kila atomu ilikuwa na hali mbili tu, juu au chini, na iliathiriwa na majirani zake wa karibu pekee. Hakuna sumaku ya kweli iliyo rahisi kiasi hicho. Hata hivyo modeli hiyo, ilipopanuliwa baadaye, ilitoa majibu sahihi kupita kiasi kuhusu jinsi sumaku inavyopoteza nguvu yake ikipashwa moto. Sababu yake ilibaki fumbo hadi 1971, Kenneth Wilson alipochukua mbinu zilizozaliwa katika fizikia ya nishati kubwa, ile inayochunguza chembe ndogo kuliko atomu, na kuzielekeza kwenye sumaku na vimiminika. Alionyesha kwamba karibu na halijoto ya badiliko, ukitazama kutoka mbali kidogo, tofauti kati ya atomu ya sumaku na molekuli ya gesi hazibadilishi jibu. Sumaku ya aina ya Ising inayokufa na gesi iliyo kwenye nukta yake ya badiliko hufuata namba zilezile. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1982.

Tangu hapo mwanafizikia yeyote mwenye modeli ya kitoto amekuwa na utetezi: huenda yale niliyoyaacha si ya maana. Wakati mwingine ni kweli. Shida ni kwamba Wilson aliithibitisha hoja hiyo kwa sumaku na vimiminika, ilhali wengi wameichukua wakaenda nayo hadi kwa wanyama, masoko ya hisa na miji bila kuithibitisha upya.

Mmoja aliyetoka moja kwa moja kwenye fizikia ya nishati kubwa akaingia katika suala la uzee ni Geoffrey West, Mwingereza aliyefanya kazi Los Alamos, Marekani. Mwaka 1993 Bunge la Marekani lilifuta mradi wa mtambo mkubwa wa kugonganisha chembe uliokuwa ukichimbwa Texas, wenye mduara wa kilomita 87. Kufutwa huko kulimkuta West akiwa na zaidi ya miaka hamsini, na amewahi kusema kwamba umri wake mwenyewe ulimfanya ajiulize kwa nini mtu huishi miaka mia na si miaka elfu. Mwaka 1997, pamoja na wanaikolojia James Brown na Brian Enquist, alitoa nadharia iliyoeleza kwa nini mnyama mkubwa hutumia nishati kidogo kwa kila kilo ya mwili wake: mishipa inayogawa damu hugawanyika na kugawanyika tena, na jiometria ya kugawanyika huko ndiyo inayoamua kasi ya maisha. Kadiri mwili unavyokuwa mkubwa, moyo hupiga polepole na maisha hurefuka. Moyo wa ndovu hupiga takriban mara 30 kwa dakika, naye ndovu wa Amboseli anaweza kufikisha miaka 60 na zaidi. Moyo wa panya hupiga mara 500 au zaidi, naye huishi miaka miwili au mitatu. Zidisha: wote wawili hukaribia mapigo bilioni moja.

Ni hesabu nzuri, na kuna mnyama wa Kenya asiyeijali. Katika ardhi kavu ya kaskazini na mashariki mwa nchi, na pia Ethiopia na Somalia, chini ya udongo mgumu, huishi fuko asiye na manyoya, mwenye meno yaliyotokeza nje ya midomo na uzito wa panya. Jennifer Jarvis, aliyesomea shahada yake ya uzamivu Nairobi, ndiye aliyeonyesha mwaka 1981 kwamba mafuko hawa huishi kama nyuki: malkia mmoja anazaa, wengine wanachimba na kulea. Wanyama waliotoka Kenya wakawa mwanzo wa makundi ya maabara huko ng'ambo, na watunzaji wao wakagundua kwamba hawafi kwa wakati uliotarajiwa. Panya wa uzito huo hufa akiwa na miaka mitatu. Fuko huyu anaweza kupita 30.

Ili kuona ajabu yake inabidi kumkumbuka Benjamin Gompertz, mwanahisabati wa London aliyefanya kazi ya bima. Mwaka 1825 alitambua kwamba uwezekano wa mtu mzima kufa hauongezeki kwa kiasi kilekile kila mwaka, bali huongezeka maradufu baada ya kila kipindi fulani. Kwa binadamu kipindi hicho ni takriban miaka minane. Mwenye miaka 48 ana hatari maradufu ya mwenye miaka 40, na mwenye 56 maradufu tena. Mwaka 2018 Rochelle Buffenstein na wenzake walichapisha kumbukumbu za mafuko zaidi ya 3,000 walizozikusanya kwa miongo kadhaa, wakadai kwamba hatari ya kufa ya fuko mzima haipandi kabisa na umri. Wengine wamebisha: mafuko wazee sana ni wachache katika kumbukumbu hizo, na wengi walihamishwa au kutumiwa katika utafiti kabla ya kufa kifo chao. Ubishi huo tuushike, tutauhitaji tukirudi Kianda.

Mishipa ya West haina la kusema juu ya fuko. Anayejaribu kusema ni Mbrazili, Thadeu Penna, kwa modeli aliyoichapisha mwaka 1995 katika jarida la fizikia ya takwimu. Wazo lililo ndani yake lilikuwa la wanabiolojia: Peter Medawar alikuwa amelieleza mapema katika miaka ya 1950. Penna alilipunguza hadi likaingia katika namba moja ya kompyuta.

Chukua uzi wenye shanga 32, nyeupe na nyeusi. Uzi huo ndio jeni zote za mnyama wako. Kila ushanga ni mwaka mmoja wa maisha, kwa mpangilio: wa kwanza ni mwaka wa kwanza, wa ishirini ni mwaka wa ishirini. Ushanga mweupe ni salama. Mweusi ni kasoro iliyorithiwa ambayo hulala kimya hadi mwaka wake ufike, kisha huamka na haiponi tena. Mnyama huanza mwaka wa kwanza, anapita ushanga kwa ushanga, na kasoro zilizoamka zikifika idadi fulani, tuseme tatu, anakufa. Akifikisha umri wa kuzaa, tuseme mwaka wa nane, kila mwaka hupata mtoto. Mtoto hurithi uzi wa mzazi, ila ushanga mmoja uliochaguliwa kwa bahati nasibu hugeuzwa kuwa mweusi. Mwisho kuna sheria ya nafasi, iliyoazimwa kwa Pierre Verhulst aliyeiandika mwaka 1838: kadiri kundi linavyojaa, ndivyo kila mmoja anavyokuwa katika hatari ya kufa kwa kukosa chakula na mahali, awe na shanga nzuri au mbaya.

Ni hayo tu. Hakuna moyo, hakuna damu, hakuna ugonjwa wenye jina. Kwa nini shanga 32? Kwa sababu kompyuta za wakati huo zilihifadhi namba nzima kwa biti 32, na kuzipitia biti hizo kulikuwa kwepesi sana kwa mashine. Kibiolojia haina maana yoyote. Programu yenyewe haizidi kurasa chache, na mwanafunzi mwenye kompyuta kuukuu anaweza kuiandika kwa mchana mmoja.

Anza na nyuzi nyeupe tupu. Iache programu iende maelfu ya vizazi. Kisha simamisha, na utazame shanga. Shanga saba za kwanza zimebaki nyeupe karibu kwa kila mnyama. Kuanzia ya nane weusi unaanza kuonekana, na kadiri unavyokwenda mbele unazidi, hadi mwishoni mwa uzi karibu kila ushanga ni mweusi. Ukichora hatari ya kufa kwa umri, unapata mchoro unaofanana sana na wa Gompertz, na hakuna mstari hata mmoja wa programu ulioamuru mtu azeeke.

Sababu yake, ukishaiona, huwezi kuisahau. Kasoro inayoua katika mwaka wa tano huua kabla ya kuzaa, kwa hiyo huzikwa pamoja na mwenyewe. Kasoro ya mwaka wa ishirini humkuta mwenyewe ameshaacha watoto wengi, nao tayari wameibeba. Uteuzi asilia haumchukii mzee, haumwoni tu. Penna, pamoja na Suzana Moss de Oliveira na Dietrich Stauffer wa Cologne, walibana modeli zaidi: wakaruhusu kila mnyama azae mara moja tu katika maisha. Baada ya mwaka huo mmoja wa kuzaa, wote walikufa kwa pamoja, kama wanavyokufa samaki wa salmoni wa Pasifiki wakishataga. Aliyekulia Tanga au Kilifi anaujua mmea wa tabia hiyo: mkonge hutoa shina lake refu la maua mara moja, kisha hukauka.

Na fuko? Hapa modeli ina kishikio ambacho mishipa haina. Malkia wa mafuko huendelea kuzaa hadi uzeeni bila kupungukiwa, na kuta za udongo humlinda dhidi ya mwewe, nyoka na jua. Katika lugha ya shanga, kwake hakuna sehemu ya uzi iliyo nje ya macho ya uteuzi. Maelezo haya hayathibitishi madai ya 2018, lakini yanaonyesha mahali pa kutafutia.

Sasa turudi Kianda, na tufanye kile ambacho mgeni mwenye modeli angekifanya. Panda kutoka upande wa reli asubuhi, watu wakielekea kazini Industrial Area kwa miguu, na uangalie sura. Watoto wa shule wenye sare, vijana wa boda, akina mama wa miaka thelathini wenye beseni za samaki. Wazee wa miaka sabini utawahesabu kwa vidole. Ukiandika umri wa kila mtu na kuchora mchoro, utaona idadi ikipanda hadi vijana wa miaka ishirini na kitu, kisha ikishuka ghafla. Anayejua modeli ya shanga tu atasoma mchoro huo kama wa vifo. Atahitimisha kwamba hapa watu huisha wakiwa na miaka hamsini.

Atakuwa amekosea kwa sehemu kubwa, na kosa lake si la hisabati. Wengi wa wapangaji wa Kianda walikuja Nairobi wakiwa vijana kutoka Siaya, Homa Bay, Kakamega, Vihiga, Machakos, kutafuta kazi. Chumba cha Kianda ni cha kupanga. Nyumba ya mtu iko ushago, kijijini kwao. Nguvu za kubeba simiti au kufua nguo za watu mitaani Lang'ata zikiisha, mtu hufunga virago na kurudi. Mzee hakufa. Alipanda basi.

Watafiti wa idadi ya watu wanalijua hili vizuri kuliko wanafizikia. Katika vijiji jirani vya Gatwekera na Soweto, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, KEMRI, pamoja na kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, walianza kufuatilia maelfu ya wakazi nyumba kwa nyumba katikati ya miaka ya 2000. Upande wa pili wa jiji, Korogocho na Viwandani, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya, APHRC, kilianza kazi kama hiyo mwanzoni mwa miaka hiyohiyo. Katika daftari la namna hiyo mtu anaweza kutoka kwa milango miwili, na kila mlango una safu yake: amefariki, au amehama. Usipotenganisha safu hizo mbili huna elimu yoyote kuhusu kuzeeka. Na hata ukizitenganisha bado kuna waliougua mjini wakapelekwa nyumbani kuuguzwa. Mgonjwa huyo kwa Nairobi amehama, na kifo chake kitaandikwa Siaya, kama kitaandikwa. Hivyo mji unaonekana na afya nzuri kuliko ulivyo, na kijiji kinaonekana kibaya kuliko kilivyo. Wanaobishana kuhusu fuko wanabishana juu ya jambo hilihili: mnyama aliyeondolewa kundini akiwa hai si sawa na mnyama aliyekufa, na ukiwa na wengi walioondolewa, mstari wako wa hatari hulala chali bila sababu.

Kuna kipimo cha kulinganisha, na hakiko mbali. Mwendo mfupi kutoka Kianda uko Makina, kwa Wanubi, wazao wa askari Wasudani wa jeshi la kikoloni la Waingereza, KAR, waliopewa makazi hapa mwanzoni mwa karne ya 20, Kibera ikiwa bado msitu. Mnubi hana ushago. Kwao ni Kibera, na mwaka 2017, baada ya madai ya zaidi ya karne moja, serikali iliwapa hati ya ekari 288 za ardhi hiyo. Nenda Makina saa ya alasiri utawakuta wazee barazani na mabibi wenye mavazi yao ya gurbaba ya rangi. Hewa ileile, maji yaleyale ya madumu, na bado umri wa watu ni tofauti, kwa kuwa hawana pengine pa kwenda kuzeekea.

Modeli ya Penna ya 1995 iliacha pia jambo lingine, na hili nalo linapita Kianda. Kama uteuzi asilia haumwoni mtu aliyekwisha kuzaa, kwa nini wanawake huishi miaka thelathini au arobaini baada ya kukoma hedhi? Kwa shanga za kawaida wangekufa kama mkonge. Jibu linalojulikana zaidi lilitoka Tanzania. Katika miaka ya 1980 Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi, wakapima nani anachimba mizizi kiasi gani na kwa saa ngapi. Waliofanya kazi kwa saa nyingi kuliko wengi walikuwa akina nyanya. Mama akipata mtoto mchanga na mikono yake ikashikwa, aliyeachishwa ziwa analishwa na nyanya. Mwanamke asiyezaa tena bado anaongeza idadi ya wazao wake, kwa hiyo uteuzi unamwona.

Mwaka 1999 Moss de Oliveira na wenzake walitia wazo la karibu na hilo, la malezi ya mama, katika shanga. Waliongeza kanuni mbili: mtoto mdogo akifiwa na mama naye hufa, na kila uzazi huwa na hatari inayokua na wingi wa kasoro za mama. Kisha wakaacha umri wa kukoma kuzaa urithiwe na kubadilika wenyewe. Kundi zima likajipangia umri wa kukoma kuzaa, na wanawake wakaendelea kuishi baada yake. Mimi naliona hili kuwa tokeo zuri kuliko lile la kwanza, kwa sababu hapa kitu kilichofutwa kilirudishwa kwa makusudi na mtu aliyejua kwamba kilifutwa.

Mtoto wa Kianda anapopelekwa ushago akalelewe na nyanya wakati mama anatafuta kazi mjini, kanuni ya nyanya inafanya kazi ikiwa imenyooshwa kilomita mia tatu au nne. Nyanya asiyeonekana kwenye mchoro wa umri wa Kianda yuko ndani ya hesabu ya Kianda. Sijaona modeli ya kifizikia iliyojaribu kumweka mzee na mjukuu mahali pamoja na mzazi mahali pengine, wakiunganishwa na basi la usiku na M-Pesa. Ingekuwa kazi nzuri ya shahada kwa kijana wa Nairobi, au wa Kigali, ambako kituo cha fizikia cha Trieste, alichokianzisha Abdus Salam wa Pakistan mwaka 1964, kimekuwa na taasisi mshirika tangu 2018.

Kutoka uzeeni hadi kuzaliwa kwa spishi ni hatua fupi kuliko inavyosikika. Wanafizikia haohao wa Brazili walimwongezea mnyama wao uzi wa pili, unaoamua umbo lake, na wa tatu, unaoamua anapenda mwenzi wa umbo gani. Wakaweka chakula ambacho kinawafaa walio wadogo sana au wakubwa sana, na kinawafaa kidogo walio wa katikati. Hawakuweka mlima wala mto wa kuwatenga. Ikiwa upendeleo wa wenzi ni mkali, kundi moja hugawanyika mawili yanayokula pamoja na yasiyozaliana. Ukiulegeza upendeleo, mgawanyiko haufanyiki, au ukishafanyika hufutika.

Kabla sijaenda mbele, neno moja la pembeni. Kuna wanaopenda kuichukua modeli hii ya spishi na kuielekeza kwa makabila, na katika mtaa ulioona ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008 hilo si mchezo wa kitaaluma. Binadamu wote ni spishi moja changa, na watu wa Kianda wanaoana kutoka kila kona ya nchi. Mstari unaowatenga majirani huchorwa na siasa na bei ya chumba. Uzi wa shanga hauna cha kusema hapo.

Wa kuelekezewa ni samaki. Mama anayekaanga mgongo wazi jioni kando ya barabara ya Kianda anauza mifupa na kichwa cha mbuta ambaye minofu yake imekwenda kiwandani, na mara nyingi Ulaya. Mbuta hakuwa wa Ziwa Victoria. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kupita kiasi. Alichokula ni fulu, samaki wadogo wa rangi ambao Wajaluo wa umri wa kati bado wanaikumbuka ladha yao. Ziwa lilikuwa na spishi za fulu zipatazo 500. Inakadiriwa 200 hivi zilipotea.

Ajabu ya fulu ni muda. Ziwa Victoria lilikauka kabisa, au karibu kabisa, na kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Spishi 500 katika miaka 15,000 ni kasi ambayo modeli yoyote ya shanga ingeona aibu kuidai. Ole Seehausen, Mjerumani aliyefanya utafiti kwa miaka mingi katika ghuba ya Mwanza, alionyesha mwaka 1997 jinsi upendeleo wa wenzi unavyofanya kazi huko. Kuna fulu wawili wanaokaa kwenye miamba, mmoja dume lake ni la buluu na huishi karibu na uso wa maji, mwingine dume lake ni jekundu na huishi chini zaidi. Huyo mwekundu amepewa jina la Nyerere: *Pundamilia nyererei*. Jike huchagua kwa rangi. Penye maji maangavu spishi hizo hubaki mbili. Penye maji yaliyotiwa tope na mbolea na maji taka, rangi hazionekani, jike hawezi kuchagua, na samaki huchanganyika kuwa kundi moja la rangi ya vumbi. Ziwa lenyewe lililegeza upendeleo, na jibu likawa lile la kompyuta.

Hata hivyo kasi ilibaki bila maelezo, kwa sababu katika modeli kila tofauti mpya lazima isubiri ushanga ugeuke, mmoja mmoja. Mwaka 2017 Joana Meier, Seehausen na wenzao walisoma jeni za fulu na kukuta kwamba hawakuanza na nyuzi tupu. Mababu zao walitokana na mchanganyiko wa koo mbili za samaki, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile ya juu, zilizokutana takriban miaka 150,000 iliyopita. Hata aina mbili za jeni inayomwezesha samaki kuona rangi nyekundu, ile ambayo jike wa Mwanza anaitegemea kuchagua dume, zilitoka moja kwa kila ukoo. Ziwa lilipojaa upya, samaki walioingia walikuwa tayari na hazina ya tofauti za zamani. Kilichobaki ni kuzipanga upya kwa namna mbalimbali.

Kwa mwenye programu, marekebisho ni ya mistari michache. Badala ya kuanza na nyuzi nyeupe, anza na makundi mawili yaliyokaa mbalimbali kwa muda mrefu, yachanganye, kisha yape ziwa jipya. Tangu mbuta alipoanza kuvuliwa kupita kiasi, baadhi ya fulu wameongezeka tena, na wengine kati yao wana dalili za kuwa machotara. Huvuliwa pamoja na omena kwa nyavu za macho madogo, hukaushwa pamoja nao, na katika takwimu za uvuvi huandikwa kwa jina moja la jumla, bila spishi.